Povu la Mpangaji

"Nasema tena, na walio nyuma wasikie," mama fundi alipaza sauti, mbwa kamkumbatia kama mtoto mchanga. "Huyu baba ndiye aliyemwekea mbwa wangu sumu."

Kinyozi alisimama mlangoni pa kibanda chake, taulo begani, mteja ndani akiwa kanyolewa nusu kichwa. Akajibu kwamba yeye ana vichwa vya watu vya kuhangaika navyo. Akakumbushwa kuwa juzi tu, mbwa alipombwekea mteja, aliapa kumnyamazisha kwa njia anayoijua mwenyewe. Hilo hakulikana. Ila kama kila asemalo mtu akipandwa na hasira lingetimia, alisema, mkewe angeshamzika zamani. Watu wakacheka. Mama fundi hakucheka.

Watu walikuwa wengi. Waliokuwa wakianika nguo waliziacha kwenye beseni. Ugomvi wa bure haukosi watazamaji. Lakini mbwa alikuwa akitokwa povu zito jeupe, akijikwaruza mdomo kwa makucha, macho yamemtoka. Kila povu lilipodondoka, moyo wa mama fundi ulidondoka nalo.

Mbwa huyo jina lake Mpangaji. Aliingia siku ya mvua, akajilaza chini ya cherehani, na tangu hapo kodi halipi na kuhama hahami. Mabinti wa mama fundi walipoolewa mmoja baada ya mwingine, nyumba iliyokuwa na kelele toka alfajiri ilibaki na cherehani na mbwa. Na cherehani haigeuzi kichwa ukiiita. Umbea wote wa mtaa, mama fundi alimsimulia Mpangaji kwanza.

Mke wa kinyozi, shoga yake wa miaka, ndiye aliyeukata ugomvi. Alimtupia mumewe ufunguo wa pikipiki, akasema mtagombana mbwa akishapona. Basi ikawa kichekesho: mshtaki kapanda nyuma ya mshtakiwa, mbwa katikati kafungwa kwenye kipande cha pazia, na yule wa nusu kichwa kabaki barabarani akiuliza na yeye je.

Daktari wa mifugo, binti mwenye mikono ya haraka, aliuliza mbwa kala nini. Sumu, mama fundi akajibu, akimkata kinyozi jicho. Kinyozi alikuwa amekishika kichwa cha mbwa kwa mikono miwili. Daktari akasema kama ni sumu, atapishwe upesi, akaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano.

Mama fundi alijifuta povu kwenye mkono, na pua yake ikajua kabla ya akili. Sabuni. Sabuni yake mwenyewe, kile kipande kikavu cha kuchoria vitambaa. Jana alikuwa akipinda suruali nzito za walinzi, na kama ilivyo kawaida yake, kila alipopumzika aliichomeka sindano ndani ya sabuni ili iteleze, ipenye bila kumvunja vidole. Jioni akaiacha hapohapo, uzi ukining'inia, kwenye kiti. Na sabuni hiyo ilinuka mafuta, harufu isiyompita mbwa.

Akamtazama kinyozi. Mtaa mzima ulikuwa umeshamhukumu kwa mdomo wake yeye. Angenyamaza kidogo tu, labda dawa ingefanya kazi yake, labda sindano ingetoka, na nani angejua. Dawa ilikuwa imeshajaa kwenye bomba.

"Daktari, usimtapishe," alisema. "Hakuna aliyemlisha. Amekula sabuni yangu, na ndani yake kuna sindano."

Kinyozi aliinua macho, akayarudisha kwa mbwa.

Mpangaji akachomwa dawa ya usingizi. Chini ya ulimi daktari alikuta uzi mweusi umejizungusha, akaufuata kwa tochi na koleo jembamba mpaka ndani, ilikokwama sindano. Ilipotoka, alisema angetapika, ingempasua koo. Mama fundi alikaa sakafuni. Kinyozi hakukiachia kile kichwa mpaka mbwa alipofumbua jicho moja na kumlamba kidole.

Waliporudi, mama fundi aliomba ashushwe mwanzo wa mtaa. Alishtaki kwa sauti, akaona ni haki akiri kwa sauti. Alitembea na mbwa wake mkononi, akisimama kwenye kila kizingiti kilichokuwa na watu, akieleza sabuni, sindano na uwongo wake. Wengine walionekana kununa. Ile ya sumu ilikuwa tamu zaidi.

Alipofika kwa kinyozi, chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Shoga yake akamkaribisha. Mama fundi akasema ameshiba, naye tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Akageuka aende zake.

Kinyozi alisogea kwenye benchi, akapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Ingia ule, shemeji," alisema. "Nimekubeba mgongoni mji mzima ukinitukana, leo sahani ndiyo itatushinda?"