Pasi ya Mama Kwenye Foleni

Foleni ilianzia ndani, ikazunguka nguzo mbili, ikatoka mlangoni hadi penye magari. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umezuia ndege kutua na kuruka, na sasa abiria wa ndege tatu walikuwa wakisubiri kupita kwenye mashine ileile ya ukaguzi. Watu walikuwa wakivua mikanda, wakishika viatu mkononi, wakisukuma mabegi kwa miguu. Niliwatazama kama mtu anayetazama mvua inayonyesha kwa jirani.

"Raïssa," mama akasema, "hii laini iko kama ile ya mahindi ya kambi."

"Ya mahindi ilikuwa fupi, mama."

"Ilikuwa murefu, lakini tulikuwa tunajuana."

Mama yangu, Pascaline, ni fundi cherehani wa Bukavu. Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, tulifika mimi nikiwa bado nang'oka meno ya utoto, na siku hiyo ndipo tulikuwa tunaiacha. Tulikuwa tunakwenda Kanada kwa dada yangu Douce, aliyetangulia zamani na kuzaa huko watoto wawili, ambao mama aliwajua kwa kelele zao kwenye simu tu. Ruhusa yetu ya kusafiri ilikuwa inaisha siku hiyohiyo. Vipimo vya hospitali navyo vilikuwa karibu kuisha muda.

Kila mtu Dzaleka anajua habari za Théophile na familia yake. Gari lao liliharibika njiani, ndege ikawaacha. Vipimo vikaisha, wakapimwa upya. Walipokuwa wanasubiri majibu, ruhusa ikaisha. Ruhusa ilipopatikana, vipimo vilikuwa vimeisha tena. Théophile alikuwa amekwisha kugawa vyombo vyake vyote, na leo anauza mandazi karibu na kisima akiwa anakunywa chai kwa kikombe cha kuazima. Ndege ikituacha, tungekuwa sisi hao.

Nilijua yote hayo. Nilipaswa kuogopa, na sikuogopa. Tangu majina yetu yabandikwe ubaoni nilikuwa mkavu ndani kama mtungi uliosahaulika juani. Hata siku ya kuagana na kaka yangu Lévi, mama alipolia mpaka akapoteza kitambaa chake, mimi niliwaza tu kwamba shati la Lévi linanuka moshi na kwamba mnyororo wa baiskeli yake unahitaji mafuta. Lévi ni dereva wa kabaza, teksi ya baiskeli. Abiria hukaa nyuma kwenye kiti cha sponji, yeye anakanyaga. Alipomwoa Nibigira, binti wa Kirundi, dosye yake, faili la safari, ilitenganishwa na yetu, na hiyo dosye mpaka leo inatembea ofisi hadi ofisi bila kufika popote. Yeye akabaki.

Mikononi mama alikuwa amekumbatia pasi ya makaa. Katika nyumba ya wageni tulikolazwa, mtaa wa Area 49, mizigo ilipimwa, na sanduku likaonekana limezidi kwa sababu ya pasi hiyo. Nilimwambia aiache. Akaitoa sandukuni, akaifunga kwa kitenge chake cha kijani, akakaza fundo.

"Nitaibeba kwa mukono."

"Hawatakubali, mama."

"Iko kisu? Haiko kisu. Wataikatala juu ya nini?"

Lazima niieleze hiyo pasi, maana si ya kupigia nguo tu. Dzaleka mtu hasimami kwenye foleni mwili mzima. Nani ana nguvu hizo? Unaweka kitu chako kwenye mstari, jiwe, dumu, kandambili moja, kisha unakwenda kupika au kukaa kivulini. Mstari ukisogea, aliye nyuma yako anakisogeza kitu chako pamoja na chake. Hakuna anayekiruka. Hata wezi, na tunao, hawagusi kitu kilicho kwenye foleni. Mama aliweka pasi yake kwa sababu ni nzito, upepo hauwezi kuisukuma wala mtoto kuichezea, na kwa sababu ina jogoo mdogo wa chuma pale mbele inapofungwa, kwa hiyo kambi nzima ilijua ni ya nani. Watu walikuwa wakisema, "Mama Pascaline amekwisha kufika," wakati mama yuko nyumbani anashona.

Mphatso alitujia na kizibao chake cha bluu. Ni kijana wa Kimalawi wa shirika lililotusafirisha, na Kiswahili alikiokota kwetu kambini.

"Mama, zikomo, samahani. Magoti yako mabaya. Kuna laini ya haraka pale, ya wazee na wagonjwa. Njoo nikupeleke."

Mama alitazama alikoonyeshwa. Kulikuwa na kamba, kiti cha magurudumu, na bibi mmoja Mhindi aliyeshikwa mkono na muuguzi.

"Mi siendake kule."

"Ni haraka, mama."

"Njo kule kunaendaka bantu benye habana muntu. Mi niko na batoto tatu. Unaona huyu? Si mutoto huyu?"

Mphatso alinitazama nimsaidie. Sikumsaidia. Mama alikuwa na sababu zake. Kambini mstari wa wanyonge ulikuwa na maneno yake: ukionekana pale, jioni watu wanauliza nani amekufia, watoto wako wamekutupa lini. Mama alikuwa radhi kuumwa magoti hadi Kanada kuliko kuulizwa hivyo.

"Haya," Mphatso akasema. "Basi wewe, Raïssa, njoo tuhakiki karatasi. Haraka. Ndege yenu inaanza kuita watu sasa hivi."

Nikaenda naye. Kaunta ilikuwa upande wa pili wa ukumbi. Nilitia saini hapa, nikatia saini pale, nikaulizwa jina la mama, nikalisema kama jina la mtu mwingine. Nilipogeuka mara moja kutazama, niliona pasi imekaa sakafuni kwenye mstari ndani ya kitenge chake cha kijani, na mama ameketi kwenye benchi nyuma ya nguzo anasugua goti. Nikaridhika. Nikarudi kwenye karatasi. Ndiyo, niliiona, na nilichowaza ni kwamba mama yuko mahali pake.

Filimbi ilipolia sikugeuka. Iliita mara ya pili. Watu wakaanza kurudi nyuma wakikanyagana, wakiburuta masanduku. Askari wawili walikuwa wamenyoosha mikono, wanausukuma umati mlangoni. Kipaza sauti kikasema jambo kwa Kiingereza, lile la mzigo usio na mwenyewe. Bwana mmoja mwenye suti na sanduku la magurudumu alinipita akimwambia mwenzake kwamba kuna chuma mle ndani, amekiona kwa macho yake, kina kichwa cha ndege.

Jogoo. Fundo la kitenge lilikuwa limelegea, na jogoo ametoa kichwa.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Watu wote walikuwa wamesogezwa hadi ukutani na nje, mashine imesimamishwa, na katikati ya sakafu iliyopigwa deki vizuri, mahali palepale mama alipoiweka, ilikuwa pasi peke yake.

"Mama yako yuko wapi?" Mphatso akaniuliza. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Raïssa! Ule mzigo ni wa nani?"

"Ni wa mama."

"Mungu wangu. Wanaita mbwa wa kunusa. Mbwa akija hapa, hakuna mtu anaondoka leo."

Nilikuwa nasikia maneno hakuna mtu anaondoka leo, nayaelewa yote, lakini yalikuwa yananipita kama tangazo la biashara ya mtu mwingine. Wakati huo mama akatokea nyuma ya nguzo. Alikuwa anachechemea. Aliona mstari haupo, akaona pasi yake ipo, na nadhani kwake hilo lilikuwa jambo jema: wengine wamekwenda, yeye ndiye amebaki mbele. Akaanza kuiendea.

"Simama!" askari akapiga kelele. "Agogo! Simama hapo!"

Mama akasimama. Agogo ni bibi kwa Kichewa, neno la heshima, na mama alilijibu kwa heshima. Alipiga goti kidogo, lile bovu, akanyoosha kidole kuelekea pasi.

"Njo mimi," akasema. Kisha, kwa kuwa askari hakuelewa, akatafuta neno lake la sokoni. "Ndine. Ile pale. Ni mimi."

"Ni yako?"

"Ni mimi."

Kutoka mlangoni nilisikia mtu akicheka. "Wa Dzaleka hao," sauti ya kike ikasema, "watatuua wote kwa ushamba." Yule bwana wa suti naye akaongeza kwamba ndege ya Johanesbagi haiwezi kusubiri vikongwe.

Afisa wa kike alitoka kwenye mashine. Kifuani aliandikwa Tiyamike. Alituita mimi na Mphatso kwa kidole. Nikamweleza. Kwa Kiingereza nilieleza vizuri, sentensi zilizonyooka: kwamba kambini kitu kinasimama badala ya mtu, kwamba huyu alidhani aliye nyuma yake ataisogeza, kwamba mzigo haukuwa umeachwa bali ulikuwa umepangishwa foleni. Nilimaliza nikaona nimeeleza kama ninayesoma habari.

Tiyamike alivaa glavu. Akafungua kitenge, akambana jogoo, akainua mfuniko. Ndani mlikuwa na majivu na vipande viwili vya makaa vya siku nyingi. Alivigeuza kwa kalamu.

"Agogo," akasema, "umenizeesha."

"Pole, mwanangu."

Akatutoa pale. Na unajua alitupitisha wapi? Ileile laini ya haraka, ndani ya kamba, pembeni ya kiti cha magurudumu, kwa sababu ndiko waliko na chumba cha kupekulia watu wa mashaka. Mama alipapaswa, nikapapaswa, viatu vikapita kwenye mashine, karatasi zikasomwa tena. Mphatso alikuwa anatazama saa na kuzungumza kwenye simu na mtu wa mlango wa ndege, anamwomba, anamwita bwana mkubwa. Umati wote ulikuwa bado nje. Sisi tukawa wa kwanza kumaliza.

"Nendeni," Tiyamike akasema. "Wanawafungia mlango. Lakini hii haipandi mkononi. Chuma kizito hivi, hapana."

Kando yake palikuwa na sanduku la plastiki la vitu vilivyokataliwa: mikasi, chupa, kisu cha kumenyea matunda. Aliinua pasi kuiweka humo. Mama akamshika mkono wa glavu.

"Usiitie mule."

"Agogo, ndege."

"Irudishe mu laini."

Mphatso alifumba macho. "Mama, tafadhali."

"Mwambie," mama akamwambia. Hakupandisha sauti. "Mwambie kuko mutoto wangu nyuma. Lévi. Bado hayafika. Pasi imuchungie nafasi. Ataikuta."

Mphatso alinitazama, akatazama mlango wa ndege, kisha akageuka akasema kwa Kichewa, maneno machache, taratibu. Nilisikia jina la Lévi katikati yake.

Tiyamike alikaa na pasi mkononi. Akasema kwamba kitu kilichoachwa sakafuni ndicho kilicholeta balaa lote hili, na kwamba yeye ana wakubwa. Halafu akakunja kitenge cha kijani, akampa mama. Ile nguzo fupi ya kushikia kamba, pale mwanzo wa laini ya haraka, ilikuwa na mguu unaoyumba. Watu walikuwa wameigonga asubuhi nzima. Akainama, akaiweka pasi juu ya mguu wa nguzo, wazi, bila kitenge, kila mtu aone kwamba ni pasi. Akaitikisa nguzo. Haikuyumba.

"Sasa nendeni," akasema.

Tukaenda. Mama aliniegemea, mimi nikabeba mabegi. Penye kioo cha mwisho, kabla ya kushuka kwenda kwenye ndege, mama alisimama akageuka. Watu walikuwa wamefunguliwa, foleni imejikusanya tena, na wengine walikuwa wanajipenyeza kwenye kamba. Yule bwana wa suti alikuwa miongoni mwao. Sanduku lake lilifika kwenye pasi, akalinyanyua magurudumu, akalipitisha juu, akalitua upande wa pili.

"Unaona?" mama akasema. "Haisogezi. Nafasi ya Lévi inabakia."

Nilisubiri kitu kije kifuani. Nilikipa nafasi. Hakikuja.

"Mupigie Lévi," mama akasema. "Mwambie iko mu laini."

Mphatso alikuwa anatupungia mikono twende. Nikapiga hukuhuku tukitembea. Lévi alipokea akihema. Alikuwa na abiria nyuma, mlimani, na mnyororo ulikuwa unalia kila akikanyaga. Nikamwambia tumepita. Nikamwambia mama ameacha pasi kwenye foleni, imshikie nafasi.

Mnyororo ukaacha kulia. Nadhani alishuka kwenye baiskeli.

"Iko ya ngapi?" akauliza.

Niligeuka nikatazama kioo mara ya mwisho.

"Ya kwanza," nikasema.