Kasa wa Saa Kumi na Moja Jioni

Kibao kilisimama mapokezi, kando ya jagi la maji yenye vipande vya ndimu, kimeandikwa kwa chaki: "Jumamosi, saa kumi na moja jioni, KASA WATAZALIWA. Njoo na kamera." Wageni wa vyumba vyote kumi na viwili waliambiwa. Mpishi aliambiwa. Aliambiwa hata mkaguzi wa cheti, aliyekuwa anakuja siku hiyo hiyo kuiongezea hoteli jani la tano la utunzaji wa mazingira, kama hoteli nyingine zinavyoongezewa nyota. Wasioambiwa ni kasa wenyewe.

Bi Kamba alikisoma Jumatatu asubuhi, akakisoma tena. Jina la Kamba alilipata kwa sababu ya kazi yake: kila kasa akitaga, yeye huchomeka vijiti vinne, akazungusha kamba, akaandika kwenye daftari. Alianza kuifanya kabla hoteli haijawa na hata tofali moja, bila sare, bila mshahara, bila mtu wa kumpiga picha.

Akaingia ofisini bila kubisha.

"Shemeji, nani kakwambia Jumamosi?"

Shemeji alikuwa mume wa mdogo wake, na cheo chake kilikuwa kirefu kuliko tai yake: Msimamizi wa Mazingira na Utamaduni. Hakuinua kichwa.

"Hesabu, shemeji yangu. Kiota kina siku sitini. Ya sitini inaangukia Jumamosi. Nikufundishe kujumlisha?"

"Mimba ya kwanza ya mkeo ulisema ni miezi mingapi?"

"Tisa."

"Na mtoto alikuja lini?"

Shemeji akakohoa. Mtoto alikuja wiki tatu kabla ya siku yake, ndani ya boti ya kwenda hospitali, na aliyezimia si mama.

"Hayo ni mambo ya binadamu," akasema. "Hapa kuna ratiba. Mkaguzi anakuja mara moja kwa miaka mitatu. Tukikosa lile jani, mwenye hoteli atanimwagia unga mimi, halafu wewe, halafu mdogo wako. Umenielewa?"

Bi Kamba alimwelewa vizuri sana, na ndicho kilichomchosha. Miaka sita iliyopita, kwenye chumba cha darasa la nne, shuleni, mwenye hoteli alisimama mbele ya ubao akiwa na shati la kitani na kofia mkononi, akaahidi mambo matatu. Kasa watalindwa na wenyeji. Njia ya ufukweni itabaki wazi. Utamaduni utaheshimiwa. Watu walipiga makofi, na Bi Kamba alikumbuka hata nani alianza kupiga. Sasa njia ilikuwa na geti lenye maandishi "Wageni Tu". Utamaduni ulikuwa fundi bomba, ambaye kila saa kumi alivuliwa ovaroli, akakalishwa kivulini asuke kikapu. Maisha yake yote hajawahi kusuka kitu. Alikuwa na ukili mmoja tu, ule utepe wa kushonea kikapu, anausuka mbele ya kamera na kuufumua wakiondoka, mwaka wa pili huu. Ahadi iliyobaki ni ya kasa, na hiyo nayo ndiyo imeandikiwa saa.

Kiota chenyewe kilikuwa cha kumi na nne, cha Kigutu. Kigutu alikuwa kasa mkubwa aliyekatika kikono cha nyuma, labda kwa panga la injini ya boti, na kila baada ya miaka mitatu alirudi ufukwe ule ule. Kasa mzima huchimba shimo kwa dakika arobaini. Kigutu, kwa kikono kimoja, alichimba zaidi ya saa mbili, mchanga ukimporomokea, akianza upya, huku Bi Kamba amelala kifudifudi nyuma yake akimwombea kimya kimya. Mayai mia moja na kumi na mbili. Usiku ule Bi Kamba alimwahidi yule mnyama kwamba wanawe watafika majini. Na yeye hakuwa mwenye hoteli, akiahidi, ameahidi.

Alhamisi alfajiri, mwanga ndiyo kwanza unafunguka, alifika kiotani akakuta mchanga umebonyea katikati kama mto uliolaliwa. Wametoka. Moyo ukamruka. Kisha akaangalia chini, na moyo ukarudi mahali pake kwa kishindo. Watoto wa kasa wakitoka huacha mistari kuelekea majini, mingi na myembamba, kana kwamba mtu amepitisha chanuo. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Palikuwa na alama za mabuti ya mlinzi, na duara la kitako cha beseni.

Hakukimbia, maana mtu mzima akikimbia hotelini wageni hushtuka. Alitembea huku meno yameumana mpaka stoo ya mashuka, ambako mdogo wake alikuwa anakunja taulo. Mdogo wake ndiye aliyekuwa bingwa wa kutandika vyumba: taulo mbili, mikunjo saba, na kitandani panakaa kasa mweupe mwenye kichwa na vikono, wa kila mgeni, kila siku.

"Wako wapi?"

"Dada, tafadhali…"

"Nimekuuliza wako wapi?"

Mdogo wake akainua kitambaa kibichi kilichofunika beseni kubwa la kufulia. Walikuwa wamerundikana, weusi, wadogo kama vifungo vya koti, wote wanapiga vikono, wanapanda migongo ya wenzao, wanagonga plastiki, wanarudi, wanagonga tena.

"Amesema ni mpaka Jumamosi tu," mdogo wake akanong'ona. "Amesema tuwabadilishie maji."

"Maji gani haya?"

"Ya bomba."

"Ya bomba!" Bi Kamba akashika kichwa. "Sikiliza. Hawa wametoka kwenye yai na akiba tumboni ya siku chache tu. Ni ya kuogelea mpaka kwenye maji makuu, haina nyongeza. Sasa wanaimalizia kwenye beseni la mashuka. Ukiwaachia Jumamosi mbele ya kamera, wataingia majini, watu watapiga makofi, na nyuma ya wimbi la pili wote watakuwa chakula. Mumeo anauza picha ya maiti."

Mdogo wake akatazama beseni. Walio chini kabisa hawakupiga vikono tena.

"Akijua ni mimi, nitalala wapi?"

"Kwangu. Unakijua kitanda changu, ulikikojolea miaka minne."

Mdogo wake akataka kulia, akacheka, akajikaza kisabuni. Akafungua toroli la nguo chafu, akatandika shuka lililolowa, wakawahamisha kwa viganja. Bi Kamba alihesabu kwa sauti ndogo. Hai, tisini na mmoja. Waliokufa, kumi na mmoja. Akatoa daftari, akalamba ncha ya penseli.

"Hao usiwaandike, dada."

"Nitawaandika."

"Ni mume wangu."

"Na mimi ni shemeji yake. Sijaandika jina. Nimeandika beseni."

Wakalisukuma toroli kupitia geti la "Wageni Tu". Mlinzi, yule yule mwenye mabuti, aliona shuka linatikisika lenyewe, akamtazama Bi Kamba usoni, akageuka kukagua ukuta. Jua lilikuwa bado halijapasha mchanga. Waliwamwaga hatua kumi kutoka kwenye maji, si ndani yake, kwa sababu mtoto wa kasa lazima autembee mchanga wake ndipo aujue. Mistari ikachorwa, tisini na mmoja. Walipoisha, mdogo wake alisimama na miguu ndani ya maji, sare imelowa mpaka magotini.

"Sasa Jumamosi?" akauliza.

"Jumamosi ni ya mumeo."

"Hapana," mdogo wake akasema polepole. "Niachie mimi."

Siku mbili zile Shemeji alikuja stoo mara nne. Kila mara mkewe alimzuia mlangoni kwa kidole mdomoni. "Wamelala. Ukifungua mwanga utaingia, watadhani ni asubuhi." Na Shemeji, aliyekuwa ameandika kurasa thelathini kuhusu uhifadhi wa kasa na hajawahi kumshika hata mmoja, alirudi kwa ncha za vidole.

Jumamosi, saa kumi na moja kasoro dakika tano, wageni walipangwa nyuma ya kamba. Fundi bomba alisimamishwa pembeni na kikapu chake kisichokwisha. Mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia, alikaa kwenye kiti cha turubai. Walinzi wawili wakaleta beseni. Shemeji akasema maneno yake kuhusu maumbile na wenyeji, akashika kitambaa, akakivuta.

Ndani ya beseni kulikuwa na kasa wa taulo. Taulo ndogo za uso, mikunjo saba kila moja, zimepangwa safu kwa safu, vichwa vyote vimeelekea baharini.

Mgeni mmoja akapiga picha. Shemeji akageuka akamtafuta mkewe kwa macho, akamwona amesimama karibu na dada yake, mikono kifuani, hana hata dalili ya kuomba radhi.

"Wale wengine waliamka mapema," mkewe akasema. "Wao hawakuisoma ratiba."

Fundi bomba alicheka mpaka ukili ukamwanguka.

Bi Kamba hakungoja aitwe. Sheria ya kazi yake ni kwamba siku mbili tatu baada ya kuanguliwa, kiota hufukuliwa, maganda yakahesabiwa. Akapiga magoti, akachimba kwa viganja. Wageni wakasahau beseni, wakamzunguka. Maganda mia moja na sita, mayai mabovu sita. Na chini kabisa, kwenye mizizi ya majani ya ufukweni, watoto wanne waliokwama, hai. Akawaweka mchangani. Wakatembea. Hakuna aliyepumua mpaka wa mwisho alipochukuliwa na wimbi.

Mkaguzi akaomba daftari. Alisoma, akashusha miwani.

"Hapa umeandika: kumi na mmoja, wamekufa kwenye beseni la kufulia, stoo ya mashuka, Alhamisi. Ni nini hii?"

"Ni kama ilivyoandikwa."

"Kwa amri ya nani?"

Bi Kamba alinyoosha kidole kwenye mapokezi yaliyo wazi upande wa bahari, kwenye kibao. "Ya kile."

Mkaguzi alikitazama kibao, akamtazama Shemeji, ambaye jasho lilimfika kwenye tai, akaandika kitu kirefu. Bi Kamba akadhani haki imefika, hatimaye.

Jumatatu barua ikaja. Hoteli imepewa jani la tano, "kwa ushiriki wa kipekee wa wenyeji". Kuhusu beseni, hoteli inashauriwa kutumia maji ya chumvi.

Bi Kamba aliisoma amesimama mapokezi. Alipoinua macho, chaki ilikuwa bado mbichi: "Kila Jumamosi, saa kumi na moja jioni: UFUKUAJI WA KASA pamoja na Bi Kamba na Dada wa Taulo."

Hakugombana. Alikikumbatia kibao, miguu yake na yote, akapita nacho geti la "Wageni Tu" mchana kweupe, mlinzi akimfungulia. Kiota cha kumi na tano kiko mkabala na taa za baa, zinazowapoteza watoto wa kasa wakidhani ndiyo bahari, na kwa mwezi mzima alikuwa ameomba bila kupewa kitu chochote cha kuzikinga. Alikichimbia kibao mchangani, kikasimama imara kati ya taa na kiota, maandishi yakiwa upande wa baa.

Kisha akazungusha kamba.