Pumzi Iliyokataa Kutoka

"Huyu hana kitu," Jarso aliniambia hata kabla ya kuketi. "Daktari Koome amesema skani ya kifua ni safi. Mke wangu amechoka na kazi tu."

Mkewe Batula alikuwa kando yake, akihema kama aliyepanda mlima. Jameni, atoke Biliqo mpaka Isiolo aje kuitwa mwongo! Mimi Akolong ndiye daktari msomaji wa picha za skani hapa hospitalini, na nikikasirika sijui kunong'ona.

"Ni safi kwa sababu alipigwa picha akiwa amevuta pumzi. Nataka nyingine, akiwa ameitoa yote. Pafu lenye afya likitoa hewa hugeuka kijivu. Hewa ikikwama kwenye vijia vidogo, pale hubaki peusi."

"Unamsumbua bure," akasema Koome, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Wacha nisumbue."

Tulifanya mazoezi kabla ya kuwasha mashine. Batula alitoa pumzi kidogo, akaogopa, akavuta tena. Tukarudia. Ikawa vile vile.

"Mama, moto ukikataa kuwaka unafanyaje?"

"Napuliza."

"Haya, kuni ni mbichi. Puliza mpaka ziwake!"

Akapuliza mpaka mabega yakashuka. Mashine ikapita.

Picha ilipofunguka, mapafu yalikuwa na mabaka meusi kama ngozi ya mbuzi. Koome akavuta kiti karibu. "Lo! Hewa imekwama kila mahali."

"Huo moto unauwasha wapi?" nikamuuliza Batula.

"Ndani. Nafukiza mitungi ya maziwa kila asubuhi. Nafunga mlango, upepo usiuzime."

Nikamwita Jarso kwenye skrini. "Peusi hapa ni pumzi ya mkeo iliyokataa kutoka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Dawa Koome atampa, lakini moshi asiuvute tena."

"Na mitungi? Bila moshi maziwa yataharibika kabla ya kufika mjini."

"Si una mikono? Fukiza wewe. Nje, mahali pa upepo."

Batula akacheka mpaka kifua kikapiga filimbi. Mwanamume wa Kiborana afukize mitungi, kazi ya wanawake! Biliqo nzima ingekuja kutazama.

Jarso hakucheka. Aliitazama ile picha, kisha akamgeukia mkewe.

"Batula," akasema polepole, "nifukize kwa kuni za mti gani?"