Mstari wa Levi

Levi alizikwa bara, kando ya reli iliyokuwa ikijengwa, na mkewe Zilpah hakuuona hata udongo wa kaburi. Homa, ndivyo walivyomwambia. Zilpah akabaki na chumba cha kupanga nyumbani kwa Bi Jawahir, Mji wa Kale, na wimbo wao.

Wimbo huo waliuimba kila asubuhi kisimani, uani. Zilpah alianza, "Yu nami Bwana asubuhi," naye Levi, huku akivuta kamba, akaitikia, "Hata jioni haniachi." Kisha wakajaza mitungi miwili, wake na wa mumewe, wakicheka. Bi Jawahir alizoea kuwauliza kwani Mungu wao ni kiziwi.

Baada ya msiba Zilpah hakuacha. Aliimba mstari wake, akanyamaza kumpisha Levi, akaendelea. Mitungi ilikuwa miwili vilevile. Kanisani wakamsifu kwa imani yake, naye akaamini sifa hizo.

Mpaka siku kisima kilipoitikia.

"Hata jioni haniachi." Sauti ya Levi, nzito, kama iliyolowa. Msiniambie ni mwangwi. Mwangwi hurudisha ulichosema, na mstari ule Zilpah hakuusema.

Hakukimbia. Hilo ndilo baya. Alirudi kesho yake, na kila siku, akijipamba kama bibi harusi. Kanisani hakwenda tena, wala hakusali. Alichotaka ni ule mstari tu.

Bi Jawahir akamshika mkono mlangoni mwa ua. "Zilpah mwanangu, hata mimi namsikia. Sasa wamwimbia nani, Mola wako au maiti?"

Zilpah alitaka kukasirika, akashindwa. Akiendelea, atampoteza Mungu wake. Akiacha, atampoteza Levi mara ya pili.

Asubuhi iliyofuata aliinama kisimani, akaanza. Maji chini yakatulia, yakingoja. Safari hii hakunyamaza kumpisha Levi. Akauimba mstari wa Levi yeye mwenyewe, sauti ikimkatikakatika.

Kisima hakikuitikia. Zilpah akalia kwa nguvu, akamwita mumewe kwa jina, na katikati ya kilio furaha yake ya zamani ikamrudia, ikamuuma kuliko msiba. Akauimba wimbo mpaka mwisho, peke yake.

Halafu akajaza mtungi mmoja.