Jiwe la Havana

Mwanajuma hakuwahi kuvuka Bukene. Huko ndiko alikoolewa na mchuuzi wa mpunga, na huko ndiko alikoachwa baada ya miaka minne kwa kosa la kutozaa, akapanda treni na sanduku lake la bati akarudi Kanyenye, mjini Tabora, kwa mama yake. Lakini mwaka ule wa sitini na tisa ungemuuliza habari za Peking, angekueleza jinsi baiskeli zinavyofurika barabarani asubuhi, na jinsi chai yao isiyo na sukari inavyomkera mtu aliyezoea chai ya Tabora. Ungemuuliza Stockholm, angekwambia jua la huko halina adabu, saa tatu ya usiku bado linazurura. Majirani walimwita Bi Dunia kwa kumtania, naye wala hakuchukia.

Dunia hiyo ilimfikia kwa posta. Kaka yake Abbasi alikuwa fundi wa ngoma, wa kuzichonga, kuziwamba na kuzipiga, na mikono yake ilimtoa Tabora ikamfikisha Dar es Salaam. Huko Serikali ikamtia kwenye kikundi kilichotumwa kwa nchi rafiki, kuwaonyesha walimwengu kwamba taifa changa nalo lina mambo yake. Siku ya kuagana, mama yao, Bi Zamda, hakumwomba kitambaa wala redio. Alimwomba mawe.

"Kila nchi niletee kijiwe kimoja," alimwambia. "Babu yako alifanya hivyo."

Babu huyo alikuwa kirangozi, mtu wa kutangulia mbele ya msafara kutoka Tabora mpaka pwani na kurudi. Vijiwe vyake vilikuwa bado vimepangwa kizingitini, cha Bagamoyo, cha Ujiji, cha mahali ambapo jina lake lilikwisha kusahaulika. Pamoja na vijiwe aliacha mila, na nyumba ile iliishika hata baada ya reli kuwapumzisha wapagazi wote. Aliye njiani hapelekewi msiba. Mpagazi akiambiwa porini kwamba kafiwa, ataubwaga mzigo na yeye mwenyewe atapotea, kwa hiyo habari humngoja nyumbani. Na akifika haambiwi mlangoni. Akiuliza fulani hajambo, hujibiwa "Tua kwanza", hata kama hakuna baya lolote, ndiyo maana hakuna msafiri aliyeweza kukisia. Atakula, atasimulia safari yake mbele ya jamaa, na mama yake atamsikiliza kutoka chumbani, nyuma ya pazia. Akimaliza atasema, "Nimetua." Hapo mama hutoka na bakuli la maji akamwosha miguu. Kama mama hayupo hutoka mwingine, na huyo ndiye mwenye habari.

Bi Zamda hakujua kusoma. Mwanajuma, aliyefika darasa la nane, ndiye aliyekuwa macho yake. Barua ikija, mama aliacha vitumbua vyake, akanawa, akajitandaza kitandani akafumba macho, na binti akasoma. Tatizo lake Mwanajuma ni kwamba hakuweza kusoma tu. Kaka akiandika kuwa ukuta wa Wachina ni mrefu, yeye alimpandisha kaka juu ya ukuta, akamtoa jasho, akamkutanisha na kikongwe anayeuza maembe. Mama alifumbua jicho moja.

"Mwanajuma, hiyo chumvi ni yake au yako?"

"Yangu, mama."

"Itoe. Soma mtoto wangu alichoandika."

Basi wakacheka, akairudia. Miezi ile minne ya barua ilikuwa mizuri kuliko yote aliyowahi kuishi, na aliwahi kumwambia mama hivyo, na mama akamshika mkono.

Mwanzoni mwa Agosti Bi Zamda alishikwa na homa. Siku ya sita, kabla ya adhuhuri, akafariki. Alizikwa siku hiyohiyo alasiri, na mjomba Mfaume, mdogo wake marehemu, fundi cherehani ambaye duka lake ndilo lililopokea barua za Abbasi, akasimamia matanga. Alipoulizwa kuhusu Abbasi alikumbusha mila, na hakuna aliyebisha.

Siku ya kumi na moja ya msiba ikaja barua kutoka Sofia, nchi ya Bulgaria. Mwanajuma aliipokea dukani, akaifungua, akaisoma peke yake kwa mara ya kwanza. Abbasi aliandika kuwa kuna bonde zima huko wanalima maua ya waridi kama Wanyamwezi wanavyolima karanga, nao hawayali, wanayakamua mafuta. Kisha akaandika: "Mama, kikundi kimealikwa Kuba, mpaka mwezi wa kwanza. Mwenye udhuru anaruhusiwa kurudi sasa. Nirudi au niendelee? Neno lako ndilo nitakalofuata."

Mjomba Mfaume hakufikiri mara mbili. Alisema hapa mila haivunjwi, kwani kumwita mtu si kumpa habari. Akirudi sasa arobaini itamkuta, atasoma khitma ya mama yake kwa mdomo wake. Akamtoa Mwanajuma mbio aende posta akapige telegramu ya neno moja: Rudi.

Mwanajuma alikwenda. Njiani kweli alikuwa na neno hilo moja mdomoni. Lakini posta kulikuwa na foleni, na foleni humpa mtu nafasi ya kuongea na nafsi yake. Akaona barua zinakoma. Akaona nyumba isiyo na mama wala barua, yeye na vifungo vya kushona dukani kwa mjomba, na majirani wakimhurumia. Akajiambia kuwa mama keshazikwa, kurudi kwa Abbasi hakumfufui. Akajiambia kuwa kaka akija atalia tu, na huko Kuba atafurahi. Moyo ukitaka kitu haukosi wakili. Alipofika dirishani akaandika: Endelea mwanangu. Mama.

Karani alimsomea kwa sauti akamwuliza ndivyo? Akajibu ndivyo.

Arobaini ilipita bila Abbasi. Jamaa walisema pengine telegramu ilipotea, nchi za watu ni mbali, na mjomba akaisoma khitma huku akitazama mlangoni kila mbwa alipobweka. Mwanajuma alikuwa jikoni na wanawake, akichagua mchele ambao ulikwisha kuchaguliwa. Aliona haya, na bado, Mungu amsamehe, alikuwa anahesabu siku za barua ya Havana.

Zikaja tatu. Alizisoma mpaka mikunjo ikachanika, akazijibu kwa jina la mama, mama hajambo, mama anakusalimu, na kila alipoandika "mama" kalamu ilisita kidogo halafu ikaendelea.

Abbasi alirudi Februari, kwa treni ya kutoka Dar es Salaam, amevaa kofia ya majani makavu na amenenepa mashavu. Jamaa walimpokea stesheni wakambebea mizigo. Mara ya kwanza alipouliza mama hajambo, mjomba Mfaume akasema, "Tua kwanza, baba." Abbasi akacheka akasema kumbe mmenifanya mpagazi kweli, akashika njia ya nyumbani huku akisalimia kila mlango, shikamoo huku na marahaba kule. Hakuna aliyemtazama machoni, lakini mtu aliyefurahi haoni hayo.

Alikula ugali na kuku. Ukumbi ulijaa, mpaka balozi wa nyumba kumi alipewa kigoda. Mwanajuma hakuonekana. Alikuwa chumbani, amekaa juu ya kitanda cha marehemu, nyuma ya pazia la kanga, kwa sababu alimwambia mjomba kwamba maji atayatoa yeye. Mjomba alidhani ni upendo wa dada, akamruhusu.

Abbasi akaanza. Alisimulia kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika kwa ukumbi ule, na uso ameuelekeza kwenye pazia. Alieleza namna ngozi za ngoma zilivyolegea kwa unyevu wa Stockholm zikawa zinalia kama mtu mwenye mafua. Hoteli wakamkataza kuwasha moto wa kuzikausha, naye akazibeba kichwani, ngoma tatu, akatafuta tanuri la mwoka mikate. Mwoka mikate alishtuka, kisha akamfungulia, na alfajiri nzima wakakaa wawili hao wasiojua lugha moja, mmoja anageuza mikate na mwingine anageuza ngoma. Watu wakacheka. Wakacheka kwa uchungu, wanawake wamefunika midomo kwa kanga, na yeye akadhani amewanogea.

"Mama, unasikia?" akauliza, akilielekea pazia.

Mwanajuma alijibana mdomo kwa kiganja. Goti lake liligusa kanga, pazia likatikisika kidogo. Abbasi aliona, akatabasamu, akaendelea kwa bidii zaidi. Akafika Havana. Akasema bahari ya huko imejengewa ukuta mrefu, na mawimbi hayautambui, yanaruka yanawalowesha wanaopita barabarani, hata walio na nguo za harusi. Akasema alimkuta bibi mmoja mweusi mlangoni kwake, na ndani wajukuu wanapiga ngoma, na mapigo yale aliyafahamu kabla hajaona ngoma zenyewe. Akaomba, akapewa, akapiga nao. Bibi yule akamshika mashavu akalia. Hakujua bibi analilia nini, lakini yeye alimlilia mama yake, kwa kumkumbuka.

"Nilitaka kurudi, mama," alisema, na sasa alikuwa haongei na ukumbi tena. "Moyo ulinisumbua tangu Sofia, sijui kwa nini. Ni wewe uliyenipa nguvu." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, ile telegramu, akaiweka mkekani pamoja na vijiwe vinne. "Haya, nimetua."

 Pazia likafunguka, akatoka Mwanajuma na bakuli.

Abbasi alimtazama, akatazama nyuma yake, akaendelea kutazama nyuma yake hata pazia lilipokwisha kurudi mahali pake. Mwanajuma alipiga magoti akamshika mguu, nao ulikuwa mzito. Alimwosha wa kwanza. Alipofika wa pili Abbasi aliuvuta mguu, na maji yakamwagikia mkeka.

"Lini?" aliuliza.

"Agosti. Tarehe tisa."

Wanawake wakaanza kulia kwa sauti, sasa ruhusa ilipatikana. Abbasi hakulia. Aliichukua ile karatasi akaisoma tarehe yake, akairudia, kama mtu asiyejua kusoma.

"Hii ni ya tarehe ishirini."

Mjomba Mfaume akanyoosha mkono akaichukua. Hapo ndipo naye alipoiona kwa mara ya kwanza. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimsukuma kusema upesi kwamba marehemu aliacha wosia, kwamba kabla ya kukata roho alisema mtoto wake asikatizwe safari. Alimpa Mwanajuma mlango huo wa kutokea, wazi kabisa, na ukumbi mzima ulikuwa tayari kuuamini. Mwanajuma aliutazama mlango huo. Kichwa chake kilikuwa kimejaa sauti ya mama ikimwuliza hiyo chumvi ni yake au ya nani.

"Hakusema hivyo," alisema. "Mjomba alinituma nikuite urudi, uwahi arobaini. Niliandika mimi. Nilitaka kuiona Havana."

Abbasi aliinama mkekani. Kisha akavikusanya vijiwe. Vitatu, vya Peking, Stockholm na Sofia, alivifunga kwenye leso. Cha nne, cheusi chenye matundu madogo ya maji ya bahari, alikiacha mkekani mbele ya dada yake.

"Hicho ni chako," akamwambia.

Alivipeleka vile vitatu kaburini. Siku ya tatu alipanda treni akarudi Dar es Salaam, na stesheni alimpa mkono kila mtu. Mkono wa Mwanajuma aliushika pia, akauachia. Afadhali angemtukana.

Hakumwandikia. Mwaka ukaisha, ukaisha wa pili. Mwanajuma alifundisha kisomo cha watu wazima jioni, kina mama wa Kanyenye wenye mikono ya unga wakiandika majina yao ubaoni, na hakuna aliyemwita Bi Dunia tena, maana alikuwa hana la kusimulia. Redio ilisema kikundi kiko ng'ambo. Aliacha chakula akasikiliza, wasiseme zaidi ya hapo.

Mwaka wa sabini na mbili, mwezi wa Oktoba, mjomba Mfaume alimwita dukani. Alikuwa ameshika bahasha yenye stempu ya Aljeria, na hakujua aishikeje. Mwandiko ulikuwa wa Abbasi. Juu yake paliandikwa: Kwa Mama yangu, Bi Zamda binti Abbasi, Kanyenye, Tabora.

Mjomba alisema labda mtoto amechanganyikiwa. Mwanajuma aliipokea bahasha. Alijua, na Abbasi alijua, kwamba Bi Zamda hakujua kusoma, na kwamba mtu wa kumsomea alikuwa mmoja tu duniani.

Akaenda nayo nyumbani. Akanawa mikono. Akaingia chumbani, akashusha pazia, akakaa ukingoni mwa kitanda akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, jinsi nyumba za Algiers zinavyopanda mlima, nyeupe, moja juu ya bega la nyingine, na jinsi ngozi za ngoma zilivyokaa vizuri huko kwa sababu jua lake ni la kwetu. Sehemu moja Abbasi alisema tu kuwa alipanda ngazi nyingi. Mwanajuma angeweza kumkutanisha na mtu huko juu. Hakumkutanisha. Alisoma mpaka mstari wa mwisho, na machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye kanga, kwa sababu mstari huo alijua umeandikwa kwa nani.

"Mama," alisoma, "usihangaike kunijibu."