Alama ya Ukanda

Mwaka wa 1967, Wamucii, aliyeuza viazi soko la Kondele, aliingia kwangu akigeuka mwili mzima kama lori. Shingo ilikuwa imekataa.

"Mama Wasike, viazi vyangu vinafika na treni Jumanne. Nisipoweza kubeba, Jumamosi hii namwachia kibanda Kageha, yule anayekitaka siku zote, narudi kwetu Nyeri. Watoto wameshazoea shule ya hapa, lakini nitafanyaje?"

Kazi ya kukanda nilifundishwa na mama mkwe wangu, Nakhungu, kabla mume wangu hajafa. Alisema mkono haukimbilii penye uchungu. Unabisha hodi kwenye nyayo kwanza. Shina la kidole gumba cha mguu, alisema, ndilo mlango wa shingo. Nami sigusi mtu kabla ya kuomba, maana mikono hii nimeazimwa na Mungu.

Nikaomba. Nikapaka mafuta ya simsim, nikabonyeza nyayo, kisha nikakanda utosi na mabega, pale wanawake wa kwetu wanapoumia kwa mizigo ya kichwani. Jumatano hivyo, Alhamisi hivyo. Usingizi aliupata. Shingo, hapana.

Jirani yangu Milka, muuza samaki wadogo wa omena, akachungulia mlangoni. "Siku mbili unamkanda mama wa watu kama unga wa chapati! Si umchome sasa tule?"

Wamucii akacheka, cheko likamuuma. Niliona haya. Jioni hiyo Kageha alikuwa ameshakuja kupima kibanda kwa hatua zake.

Ijumaa, Wamucii alipokaa mkekani, kitambaa cha kichwa kilimdondoka. Pale nywele zinapoanzia, juu ya paji la uso, palikuwa na mfereji, laini, wa upana wa vidole viwili.

"Hii nini?"

"Si ni ukanda, Mama? Gunia linakaa mgongoni, ukanda unapita hapa. Tangu nikiwa msichana wa kubeba kuni."

Bwana nisamehe. Nilikuwa nimemwona mara nyingi akipita ameinama na mzigo ule, tukimcheka na Milka kwamba anatafuta sindano. Na bado nilimkanda kama mtu wa kubeba mtungi kichwani!

Nikaanza upya. Nyayo, kisha kiuno, ambako gunia hulalia. Nikamgeuza chali, nikaufuata ule mfereji polepole mpaka nyuma ya masikio, nikashuka chini ya taya. Hapo mbele ya shingo misuli ilikuwa imekaza kama kamba ya mbuzi aliyekataa kwenda sokoni.

"Ngai!" akapiga kelele, akimwita Mungu kwa lugha yao. Halafu machozi yakamtoka.

"Niache?"

"Usithubutu. Hapo hapo."

Jumamosi Kageha alifika kibandani na vikapu vyake, akamwita kutoka upande wa kushoto. Wamucii akageuza kichwa. Kichwa peke yake! Mabega yalibaki yakitazama viazi.

"Karibu, dada. Kama umekuja kununua, debe ni hili. Kama umekuja kuhamia, pole sana."

"Haleluya!" Milka akapiga makofi mpaka omena wakaruka.

Nilimwambia Wamucii abebe nusu gunia tu kwa mwezi mzima. Jumanne nusu ya pili nilijitwika mimi, kichwani juu ya kata, tukatoka stesheni pamoja, yeye akitazama chini, mimi nikitazama mbele. Nikamwambia akiona sindano aniokotee.