Shuka la Getini

Suti haikuwa yake. Ilikuwa ya mteja, karani wa benki, aliyeileta ipunguzwe kiuno na hajarudi kuichukua tangu mvua zianze. Dada Fundi alisimama katikati ya chumba mikono juu, mdogo wake amepiga magoti akifumua mshono wa ubavuni uzi kwa uzi, mpaka koti likamkubali. Sketi ikagoma. Mwenye suti alikuwa mfupi, na pindo halikuwa na kitambaa cha ziada hata cha upana wa kucha. Iliishia juu ya magoti, na akikaa ilipanda.

"Dada, hii ukiinama tu, umekwisha."

"Basi siinami."

Fundi kuvaa nguo ya mteja ni aibu ya kumhamisha mtu mtaa. Alilijua hilo. Lakini gauni lake la heshima lilishamponza. Wiki iliyopita alikwenda kiwandani na gauni refu, kichwa amefunga kitambaa, ovaroli ya mfano mkobani, na mlinzi akamwelekeza mlango wa jikoni. Alipomfikia afisa manunuzi, yule bwana hakuifungua hata hiyo ovaroli. Alimwambia kwa upole, kama anayemsaidia, akamwite mwenye biashara. Na kama mwenye biashara ni yeye, basi avae kama mwenye biashara, maana kamati haiwezi kumpa kazi mtu aliyekuja kama anafuata maziwa ya mtoto.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwashonea ovaroli wafanyakazi wote wa kiwanda. Vyerehani viwili walivyotumia vilikuwa vya kukodi, na mwenye navyo alishasema wakiikosa hii anavichukua. Hapo mdogo wake angerudi kufua nguo za watu, na mikono yake ilikuwa haijapona kwa sabuni za mwaka jana.

Safari hii, getini mlinzi alimtazama kuanzia viatu kupanda juu, akaingia kibandani, akatoka na shuka. Lilikuwa linatundikwa msumarini, likiwangoja wanawake wanaofika na nguo fupi. Lilinuka jasho la watu asiowajua.

"Jifunge, dada. Sikuonei, ni amri."

"Siku ile nimekuja nimejifunika, ukanipeleka jikoni."

"Siku ile hukusema una kampuni."

"Nilisema."

"Basi sikusikia," mlinzi alijibu, na kweli alionekana kuona haya kidogo.

Akajifunga. Uani wanaume waliokuwa wakipakia magunia walimpigia mluzi, naye akapita macho chini.

Kwenye benchi la kungojea alikuta mwanamume aliyekuja kuomba kazi hiyohiyo. Shati lilikuwa wazi hadi karibu na kitovu, cheni imelala kwenye manyoya ya kifua, miguuni kandambili. Huyu alikuwa amepigiwa saluti na mlinzi getini. Alimsalimia vizuri, akamtania kwamba amefungwa kama kifurushi cha posta, akamwuliza anashona nini na anapatikana wapi. Akamweleza. Yule bwana, ambaye kwa shati lile alishambatiza moyoni Bwana Vifungo, akaitwa ndani, kikasikika kicheko, akatoka kabla benchi halijapoa.

Kamati ilikuwa wanaume watatu. Afisa manunuzi alitabasamu, akasema leo ndiyo amemwona mwenye biashara. Mwenyekiti, mzee wa miwani, akauliza shuka la nini.

"Nimepewa getini, mzee."

"Vua. Hapa si msibani."

Akalivua. Mwenyekiti akamtazama kwa muda wake, bila haraka.

"Aa," akasema. "Hebu rudisha."

Wakacheka wote, naye akajifunga upya mbele yao. Akaitandaza ovaroli mezani kwa mkono mmoja, wa pili ukishikilia shuka. Akawaeleza mshono wa mapajani unaorudiwa mara mbili, na mfuko uliokatwa mshazari ili spana isidondoke. Hakuna aliyeigusa. Wakauliza kama ameolewa, na nani yuko nyuma yake katika biashara hiyo. Halafu mwenyekiti akafunga kalamu.

"Binti, mtu aliyeshindwa kupima sketi yake mwenyewe, atawapima watu wangu?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Angesema sketi si yake, ni ya mteja. Lakini hapo angekuwa fundi anayetembea na nguo za wateja. Akaikunja ovaroli.

Siku chache baadaye Bwana Vifungo alibisha hodi chumbani kwao. Alikaa bila kukaribishwa. Kazi amepata yeye, alisema, na kwa kweli hata sindano hana. Vitambaa viko kwenye gari. Wao washone, yeye awalipe kidogo kwa kila moja, na kifuani ikae nembo ya kampuni yake. Mdogo mtu alimtazama dada yake, kisha akavitazama vyerehani.

"Nije lini kuwapima?" Dada Fundi aliuliza.

"Wewe tena? Usije. Wamesema usionekane pale, uliwatia aibu. Kata kwa kukadiria tu. Wanaume ni wanaume."

"Na zikiwabana?"

"Zikiwabana nitawaambia fundi wangu ni mwanamke," akasema akicheka, bila ubaya wowote, akatoka kushusha mizigo.

Kitambaa cha kwanza kilifunika sakafu yote, ikabidi wapandishe miguu kitandani. Dada Fundi akapiga magoti na kipande cha chaki. Akajaribu kuwakumbuka wale wa magunia, nani mrefu, nani mnene, nani ana mapaja. Hakukumbuka hata mmoja. Siku ile alikuwa amekaza macho chini, akawaona viatu tu.

Akachora mguu. Akauongeza urefu wa kiganja. Akaufuta kwa mkono, akauchora tena, mfupi kuliko wa kwanza, pindo bila kitambaa cha ziada, na mdogo wake akamsogezea mkasi.